Hodi Kilimani kwa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta, nanyi itikieni. Hii si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima cha mawe. Pimbi ndio waliokaa humo, mabibi, mama na wajukuu. Nyuma ya kilima palikuwa na magadi matamu. Mnyama akitaka kulamba, alisimama chini akaita, "Hodi!" Pimbi wakajibu, "Karibu!" Mgeni akapanda na kijizawadi chake, muhogo au mahindi. Ndiyo desturi. Hata sisi hatuingii kwa mtu kama upepo.

Siku moja, pu! pu! pu! Nyani wakaja na marungu. Wakawatoa pimbi wote. Pimbi wakashukia bondeni, kwenye matete. Mvua chwa chwa chwa, mbu, matope. Pimbi na matope wapi na wapi?

Wanyama wakakutana. Mwenyekiti Tembo akasema, "Tumesikitika sana." Wakapeleka viazi. Mwaka wa pili wakakutana. Tumesikitika sana. Viazi. Mwaka wa ishirini, tumesikitika sana, viazi vile vile. Mimi nikifika hapa hushikwa na hasira, mnisamehe.

Basi Bi Pimbi, kikongwe aliyezaliwa kilimani, akaenda mkutanoni. Wajukuu zake walikuwa hawajawahi kukanyaga jiwe. Aliogopa kufa kabla hawajapaona kwao.

"Viazi tumeshukuru," akasema. "Ila nauliza. Mkienda kulamba magadi, hodi mnampigia nani?"

Wanyama wakatazamana.

"Nyani," akasema Tembo, akitazama chini.

"Na karibu anajibu nani?"

"Nyani."

"Basi nyinyi ndio mliompa nyumba. Anayepigiwa hodi ndiye mwenyewe."

Twiga akakohoa. "Lakini Bi Pimbi, magadi tunayahitaji."

"Lambeni, baba. Ila hodi pigeni kwetu kwanza, huko matopeni. Na zawadi muilete huko huko."

Wengi wakajikuna. Kesho yake alikwenda Kobe tu. Taratibu, taratibu, taratibu, hadi kwenye matete. "Hodi!" "Karibu!" Akatoa muhogo, akapanda kilimani.

"Nani kakuruhusu?" akafoka Jemadari Nyani.

"Mwenyewe," akajibu Kobe.

Akapigwa rungu la mgongo, ko! Akaingiza kichwa, akangoja, akakitoa, akalamba.

Wiki ile akafuata Swala. Halafu Nyumbu, kundi zima. Mwishowe Tembo naye, kwa aibu, akainama penye matete. "Hodi, bibi." Huyo sasa nani atampiga rungu?

Nyani wakakaa bila mgeni, bila muhogo, bila hata wa kuwajulia hali. Wakalinda mawe, na mawe hayaliwi. Akaondoka mmoja, wakaondoka kumi. Jemadari akabaki kileleni na wachache, amenuna. Yuko huko bado, lakini kila mwezi wanapungua.

Bi Pimbi akapanda, magoti yakimwuma. Akafika kwenye pango lake, limejaa maganda. Akaingia, akakaa, akalia kidogo. Kugeuka, wajukuu wamesimama nje kwa adabu.

"Hodi, bibi," wakasema.

"Njooni ndani," akasema. "Kwenu hakupigwi hodi."

Funzo ni hili: aliyefukuzwa kwake, kumhurumia hakutoshi. Mhesabuni kuwa ndiye mwenyewe, tena mbele ya yule aliyemfukuza.

Hadithi yangu imefika kwao, imeishia hapo.