Kindi, Kiboko na Gunia la Mwalimu

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika ugali na kulipa karo, paliishi Kindi mmoja aliyependa kufundisha. Jioni akichambua mboga, watoto wa majirani walimzunguka wakimwomba awafundishe kuhesabu. Hamu yake ilikuwa moja tu: kusomea ualimu.

Lakini chuo cha ualimu kilikuwa cha Kiboko, na karo yake, wanangu, ilitisha! Magunia arobaini ya mtama kwa miaka mitatu. Asiye nayo alimkopa Kiboko huyo huyo.

“Usihofu, binti,” Kiboko alimwambia, tumbo likimtikisika. “Mwalimu analipwa gunia zima kila mwezi! Utamaliza deni kabla hujaota mvi. Njoo kesho tuandikishane.”

Kindi akarudi nyumbani akirukaruka, ruka-ruka-ruka! Njiani akapita kwa Mwalimu Swala, aliyesoma chuo hicho zamani. Akamkuta anapepeta mtama kidogo sana kwenye ungo.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona una furaha hivyo?”

“Kesho naandikishwa chuoni! Kumbe mnalipwa gunia zima!”

Swala akaacha kupepeta. “Gunia? Gunia ni madebe sita. Mimi nalipwa matatu, kutoka michango ambayo mwenyekiti hugawa bila wazazi kujua nani anapata ngapi. Kiboko anachukua mawili, mimi na wanangu tunabaki na moja.”

“Si deni linapungua?”

“Linapungua mawili, halafu anaongeza moja la riba. Kila mwezi.”

Kindi akachutama, akachora mistari mchangani kwa ukucha. Magunia arobaini ni madebe mia mbili na arobaini. Linalopungua kweli ni debe moja kwa mwezi. Akahesabu, akarudia.

“Miaka ishirini!” akasema. “Mwalimu, unajuta?”

Swala akauinua ungo tena. “Darasani sijuti hata siku moja. Najuta ninapofungua chungu.”

Usiku ule Kindi hakupata usingizi. Mlinzi wa ghala, ambaye hakusoma hata siku moja, alilipwa madebe manne. Je, auache ualimu? Akawakumbuka wale watoto wa jirani na vidole vyao vya kuhesabia. La! Ualimu hauna kosa. Mkataba ndio wenye kosa.

Asubuhi hakwenda chuoni. Alikwenda barazani, ambako wanyama wote walikuwa wamekutana chini ya mwenyekiti wao, Nyati. Kiboko naye alikuwapo, amejaza benchi peke yake.

“Mzee Kiboko,” Kindi akaita kwa sauti tamu, “hebu waambie wazazi hawa, mwalimu analipwa nini?”

Kiboko akafutuka kwa majivuno. “Gunia zima! Kila mwezi!”

“Wuuu!” baraza likashangaa.

“Basi nina ombi dogo. Nitakulipa madebe mawili katika kila gunia kamili la mshahara. Mwezi nisiopata gunia kamili, silipi. Na riba isiwepo, maana riba ni ya mwenye wasiwasi kwamba hatalipwa. Wewe una wasiwasi, mzee?”

“Mimi? Wasiwasi?” Kiboko akacheka, ha-ha-haa, lakini jasho lilianza kumtoka.

“Na siku nitakapohitimu, mkataba huo uwe wa walimu wote, wa zamani na wapya.”

“Ngoja kwanza, binti…”

“Kwani habari ya gunia si kweli?” Kindi akauliza, macho yamemtoka kama mtoto asiyejua lolote.

Wazazi wote wakamgeukia Kiboko. Akisema si kweli, nani atampeleka mwanawe chuoni? “Kweli tupu!” Kiboko akasema. Kindi alikuwa ameshaandika maneno kwenye bamba la udongo mbichi. Kiboko akatia alama ya unyayo wake, pwaa!

Kindi akasoma miaka mitatu kwa bidii. Akahitimu, akapewa darasa la watoto hamsini, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara: madebe matatu.

Kiboko huyooo, tifu-tifu-tifu, mpaka mlangoni. “Deni langu!”

“Karibu, mzee. Nionyeshe gunia kamili nikukatie mawili yako.”

Kiboko akatazama madebe matatu. Akaenda kwa Swala: matatu. Akaenda kwa kila mwalimu kijijini: matatu, matatu, matatu! Mwezi wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Ghalani mwake haikuingia hata punje.

Mwezi wa nne Kiboko akavamia baraza akipiga kelele kuliko wote. “Aibu! Aibu kubwa! Walimu wanaolea watoto wetu mnawalipa madebe matatu? Wapewe gunia!”

Kindi alikuwa nyuma, amejifunika mdomo kwa mkia, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

“Umesema kweli,” Nyati akajibu. “Lakini mshahara hutoka kwenye michango, na wewe mwenye shamba kubwa kuliko sote hujawahi kuchanga.”

Kiboko akaguna, akahema, akapiga hesabu. Asipochanga, hapati kitu. “Nitachanga,” akanung’unika. Wengine nao, kwa kuona haya, wakaongeza michango yao.

Mwezi uliofuata kila mwalimu alibeba gunia zima. Kindi akapima madebe mawili, akampelekea Kiboko mwenyewe bila kuitwa, kwa kuwa deni aliliahidi. Manne yakabaki. Na jioni ile Mwalimu Swala alipika chungu kikajaa hadi ukingoni, wanawe wakala wakasaza.

Basi wanangu, kabla hujakopa ili usome, muulize aliyekwisha soma analipwa nini, kisha aliyekuahidi mema mfanye aitie alama ahadi yake.