Bi Kicheche na Mlango wa Vita

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakikaa Roma katika nyumba za mawe, walimfukuza mfalme wao Simba kwa ukatili wake. Kiti kikabaki kitupu. Mbwamwitu akakitaka. Dubu naye akakitaka.

"Mimi!"

"Thubutu! Mimi!"

Huyu akakusanya jeshi kilima hiki, yule kilima kile.

Katikati ya mji palikuwa na mlango mkubwa wa mbao mbili. Wakati wa vita ulikuwa wazi. Wakati wa amani ulifungwa, na ukishafungwa ilikuwa mwiko kushika mkuki. Tangu enzi za Simba haukuwahi kufungwa. Bawaba zote kutu tupu.

Basi alikuwako Bi Kicheche, mwoka mikate, mwembamba kama ufito. Wanawe wawili walikuwa wamechukuliwa jeshini: mkubwa kwa Mbwamwitu, mdogo kwa Dubu. Kila alipokanda unga aliwaza, "Ndugu atamchoma ndugu." Chozi likamdondoka. Akajifuta.

"Kulia hakuzimi moto," akasema.

Huyoo, mbio hadi kwa Mbwamwitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta mikate?"

"Nimeleta maneno. Dubu anasema nguvu zako zimo mdomoni tu. Eti ubao wa kushoto wa mlango wa vita hutausogeza hata unyayo!"

"Nani? Mimi?" Meno yakagongana, ka! ka!

"Hata mimi niliudhika, mzee. Kausukume kesho jogoo akiwika, mji mzima uone."

Kisha kwa Dubu.

"Mzee, Mbwamwitu anasema wewe ni manyoya matupu. Eti kesho jogoo akiwika, ubao wa kulia wa mlango wa vita utakushinda!"

"Ngrrr! Kesho atanitambua!"

Bi Kicheche hakupumzika. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaamsha wenzake. "Mama zangu, njooni mlangoni. Mkisikia kishindo, shangilieni hadi mkaukwe na koo!"

Jogoo akawika. Mbwamwitu akajipenyeza nyuma ya ubao wa kushoto, Dubu nyuma ya ubao wa kulia. Mbao zenyewe pana, hakuna aliyemwona mwenzake. Wakasukuma. Krrrr! Kutu ikapukutika. Krrrrr! Mishipa ikawatoka. Mara, NDIII!

Mlango umefungwa. Mbwamwitu huyu hapa, Dubu yule pale, bega kwa bega, wanakodoleana macho.

Akina mama wakapiga vigelegele. "Wazee wetu wameleta amani! Wote wawili!"

Askari waliowafuata wakatupa mikuki, wakakumbatiana. Bi Kicheche akawaona wanawe wakikimbiliana.

Mbwamwitu akamkamata shingoni. "Umenidanganya, wewe!" akanong'ona.

"Nimekudanganya, mzee," akajibu. "Basi ufungue mlango tena, akina mama hawa wakiona."

Mbwamwitu akautazama umati. Hakuna mtu aliyewahi kumshangilia hivyo. Vidole vikalegea.

"Na kiti je?" Dubu akauliza.

"Kalieni kwa zamu," akasema Bi Kicheche. "Mwezi huu mmoja, mwezi ujao mwenzake. Na mmoja akipotoka, mwingine aseme 'Nakataza!' na yule aliyepotoka asimame."

Dubu akajikuna kichwa. "Aanze yeye," akasema hatimaye. "Mimi nimechoka kusukuma."

Umati ukaangua kicheko, na Mbwamwitu akacheka nao. Roma ikatulia, mashamba yakalimwa, watoto wakakua bila kujua sauti ya tarumbeta ya vita.

Nami nawaambieni: amani haimngoji mwenye nguvu, humfuata mwenye akili.