Mayai ya Kanga Ndani ya Furushi la Tembo

Paukwa.

Pakawa.

Mbona sauti zenu kama mmemeza pamba? Na ninyi watu wazima itikieni, msijifanye mmekuja kuleta watoto tu. Paukwa.

Pakawa.

Haya. Hapo zamani, zamani ile ya kale kabisa, wanyama wa bondeni walikuwa na mila moja. Mila yenyewe ilikuwa hivi. Ukipewa furushi la mwenzio, hulifungui. Hulichungulii. Hulinusi. Unalitia ndani ya furushi lako, unakaza kamba, unanyamaza. Anayefungua furushi la mwenzio aliitwa mdokozi. Mdokozi hakupewa mke, hakupewa mume, hakupewa hata salamu.

Wazee walisema mila hiyo ni heshima. Ilikuwa heshima kweli. Tena kila mzee alikuwa na kitu chake ambacho hakutaka kionekane.

Basi mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mto ukajaa, ukapanda, ukaingia majumbani bila kupiga hodi. Tembo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akainua mkonga, akapuliza: puuu. Akasema, "Tunahamia mlimani. Kila mtu afunge vyake."

Kanga alikuwa na mayai. Yalikuwa yamekwisha kulaliwa, yalikuwa karibu kutoka watoto. Sasa Kanga atabebaje mayai? Mikono hana. Kichwa chenyewe kama kokwa. Akayaviringisha katika sufi, akayafunika kwa majani ya mgomba, akafunga kwa unyasi. Akaenda kwa jirani yake Pimbi.

"Pimbi, ndugu yangu, nibebee hiki kifurushi. Ni mayai. Polepole, tafadhali. Yako karibu."

"Karibu wapi?"

"Karibu kuanguliwa."

"Toa wasiwasi," akasema Pimbi. "Kwangu yatalala kama wafalme."

Pimbi akakitia kifurushi ndani ya furushi lake, katikati ya karanga. Akakaza kamba. Akalinyanyua. Halikunyanyuka. Akaenda kwa Nyani.

"Shemeji, nibebee."

"Lete," akasema Nyani. Akalitia ndani ya furushi lake, akakaza kamba. Akatembea kidogo, akachoka. Nyani asiyechoka bado hajazaliwa. Akaenda kwa Ngiri.

"Ngiri, kaka, wewe una shingo. Shingo kama yako sijaiona nchi hii."

Ngiri alipenda kusifiwa shingo, maana uso hakuna aliyewahi kuusifu. "Lete," akasema. Akalitia ndani ya furushi lake, akakaza kamba. Likamlemea mpaka meno yakagusa chini. Akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nibebee hiki. Kidogo tu."

Hicho kidogo kilimzidi Ngiri kwa kimo. Tembo akakitia ndani ya furushi lake, akakaza kamba. Fisi peke yake hakuwa na furushi. Kila alichokuwa nacho alikwisha kukila.

Wakapanda mlima. Tembo mbele na mzigo, wengine nyuma mikono mitupu, wanamsifu. Mzee ana nguvu. Mzee hachoki. Sifa hazina uzito, hata mvivu anaweza kuzibeba mpaka juu.

Wakafika. Upepo wa huko ulikuwa baridi, vuuu, vuuu. Kanga akamkimbilia Pimbi.

"Nipe mayai yangu niyalalie. Yakipoa, wanangu wanakufa."

"Yamo ndani ya furushi langu," akasema Pimbi.

"Furushi lako liko wapi?"

"Analo Nyani."

"Ninalo," akasema Nyani. "Limo ndani ya langu. Langu analo Ngiri."

"Ninalo," akasema Ngiri. "Limo ndani ya langu. Langu analo Mzee."

Kanga akageuka kumtazama Mzee. Mzee alikuwa ameshachoka, ametua furushi chini, sasa analigeuzia matako ili alikalie.

"Mzee Tembo, shikamoo, usikae."

"Marahaba. Kwa nini nisikae?"

"Mayai yangu yamo ndani ya Pimbi."

Tembo akamtazama Pimbi kwa mashaka makubwa.

"Ndani ya furushi la Pimbi, Mzee. Lililomo ndani ya la Nyani. Lililomo ndani ya la Ngiri. Lililomo ndani ya hilo unalotaka kulikalia."

Tembo akayarudisha matako juu, polepole. Wakatandika jamvi moja kubwa. Nyani akajitokeza mbele. "Kazi hii nitaisimamia mimi," akasema. Hakuna aliyemchagua. Tangu lini Nyani akasubiri kuchaguliwa?

Tembo akafungua furushi lake. Vikatoka miwa. Yakatoka maboga. Ukatoka mto mdogo wa kulalia, una maua ya kudarizi na kishada kila pembe. Wote wakatazama mawinguni. Mwisho likatoka furushi la Ngiri.

Nyani akapiga makofi. "Furushi limefunguliwa. Vyote viko jamvini. Kazi imekwisha."

"Mayai yangu yako wapi?" akauliza Kanga.

"Yako jamvini."

"Mbona siyaoni?"

"Yamo ndani ya furushi la Ngiri."

"Basi hayako jamvini. Yako furushini."

"Na furushi liko wapi?"

"Jamvini."

"Umejijibu mwenyewe, Mama Kanga."

Wanyama wakatikisa vichwa kukubali. Maneno ya Nyani yalikuwa na sura ya akili. Sura tu.

"Nyani," akasema Kanga, "mtu akifungua mlango wa ua, ameingia chumbani? Hilo la Ngiri nalo lifunguliwe."

"La Ngiri ni la Ngiri. Mila ni mila. Mwenyewe yuko wapi?"

Mwenyewe alikuwa ameona tope. Alikuwa amezama ndani yake, yamebaki macho na meno. "Nakuja," akasema. Hakuja. Upepo ukavuma, vuuu. Kanga akaweka sikio juu ya furushi. Kimya. Akaweka tena. Kimya.

Akasema, "Niiteni mdokozi. Nafungua." Akaidonoa kamba, do, do, do. Kamba ya Ngiri ni ngozi, mdomo wa Kanga ni mdomo wa Kanga. Haikukatika.

Fisi akasogea. "Mama Kanga, niachie mimi. Jina langu limekwisha kuharibika. Halina tena pa kuharibikia."

Akang'ata kamba, kra. Furushi likafunguka. Vikatoka viazi. Kikatoka kioo cha kujitazamia, kimefutwa kikang'aa. Ngiri akachomoka topeni. "Si changu," akasema, "ni cha shangazi." Hakuna aliyemuuliza. Likatoka na furushi la Nyani.

Kanga akashukuru. Lakini Fisi alikuwa ameonja utamu wa kazi. Akashika boga, akalipasua, kracha. "Lina mbegu ndani," akasema. "Nalo furushi." Akazila mbegu. Akaruka mpaka kwenye muwa, akaumenya. "Una maji ndani. Nao furushi." Akayanywa. Akakuta karanga iliyopenya nje ya furushi la Nyani.

"Karanga ina ganda," akasema, "ndani ya ganda kuna ngozi, ndani ya ngozi kuna karanga, na ndani ya karanga..."

"Ndani ya karanga kuna nini?" akauliza Pimbi.

"Bado natafuta," akasema Fisi, kinywa kimejaa.

Wanyama wakacheka. Tembo akacheka mpaka akatoa upepo, na jamvi likapeperuka upande mmoja. Kanga hakucheka. Aliwaza: Nyani alifungua moja, akasema basi. Huyu hasemi basi kabisa. Akifika kwenye mayai yangu atafanyaje?

Akaruka katikati ya jamvi.

"Fisi, weka chini hiyo karanga. Nisikilizeni nyote, nitasema mara moja, sina muda. Shika kitu. Kitazame. Kina kamba? Kifungue, toa kilichomo. Hicho ulichotoa nacho kishike, kitazame vile vile. Hakina kamba? Basi hicho amekifunga Mungu. Kiweke jamvini, ondoa mkono."

"Na kama ndani ya kamba kuna kamba?" akauliza Tembo.

"Fungua, Mzee."

"Na ndani ya hiyo kuna nyingine?"

"Fungua, Mzee."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kamba ziishe."

Tembo akafikiri. Tembo akifikiri, masikio hucheza. Akasema, "Mila imebadilika. Anayebisha nitamkalia."

Wakaanza kazi na wimbo. Ninyi ndio mtakaoitikia. Mimi nikisema cha kamba, mseme fungua. Nikisema cha Mungu, mseme weka.

Cha kamba?

Fungua.

Cha Mungu?

Weka.

Likaja furushi la Nyani. Nyani akalilalia kifudifudi. "Hili liacheni. Lina nguo chafu."

"Nguo?" akasema Pimbi. "Shemeji, tangu tuzaliwe tunayaona makalio yako."

Tembo akamwinua Nyani kwa mkonga, akamweka kando. Cha kamba? Fungua. Yakatoka mahindi. Ukatoka usinga wa Tembo.

Usinga huo ulipotea msimu uliopita. Aliyepigwa kwa ajili yake ni Fisi. Alipigwa na Tembo, akapigwa na Ngiri, hata Pimbi alimpiga, ingawa ilibidi apande jiwe.

"Nilikuwa nautunza," akasema Nyani.

Fisi akaushika usinga. Akautazama. Wote wakangoja atukane. "Hauna kamba," akasema. Akauweka jamvini, akaondoa mkono. Nyani akaona heri angetukanwa.

Likatoka furushi la Pimbi. Cha kamba? Fungua. Zikamwagika karanga, mwaaa. Cha Mungu? Weka. Fisi akameza mate, akaweka. Kikabaki kifurushi kimoja cha majani ya mgomba.

"Mama Kanga, huu unyasi nao ni kamba?"

"Ni kamba. Nimeifunga mimi. Polepole."

Fisi akaufungua kwa ncha ya ukucha. Majani yakaachana. Sufi ikaachana. Mayai yakalala jamvini, pembeni ya viazi, pembeni ya miwa, pembeni ya mto wa Tembo wenye maua, kila kitu wazi, hakuna tena ndani ya kitu. Kanga akayarukia, akayafunika kwa mbawa. Yalikuwa ya baridi. Akajikandamiza juu yake, akafumba macho.

Yai moja lilikuwa limebaki kiganjani mwa Fisi.

"Mama Kanga."

"Weka."

"Hili lina kitu ndani. Nakisikia."

"Weka, Fisi."

"Si ulisema chenye kitu ndani kifunguliwe?"

"Nilisema chenye kamba. Umeona kamba?"

Fisi akaligeuza juu. Akaligeuza chini. Udenda ukamtoka, ukadondoka kwenye kioo cha shangazi yake Ngiri. Alitafuta kamba kuliko alivyowahi kutafuta kitu chochote maishani. "Sikuona," akasema.

"Hilo lina mwenyewe, yumo ndani. Atalifungua yeye."

Ko.

Ko, ko. Kiganjani mwa Fisi ganda likapata ufa. Ko, ko, ko. Ukatoka mdomo. Kikatoka kichwa, kimelowa, kina upara, kibaya kama mjomba wa Ngiri. Kifaranga kikafumbua macho. Mtu wa kwanza kumwona duniani akawa Fisi, meno yote nje. Hakikuogopa. Kitaogopaje, nacho hakijasikia habari zake? Kikasema, "Nyii," kikajiegemeza kwenye kidole gumba chake, kikasinzia.

Fisi akakitazama muda mrefu. Tumbo lake likanguruma, nguru, nguru, mlima mzima ukasikia. Kanga hakupumua.

Kisha Fisi akainama, akakiteremsha chini ya ubawa wa mama yake, taratibu, kama anayeweka maji bila kumwaga.

"Nimeweka," akasema. Akaondoa mkono.

Chini ya mbawa za Kanga kukasikika ko, na ko nyingine, na nyii, na nyii. Yai moja halikugonga. Kanga alililalia hata hivyo, siku baada ya siku. Fisi akawa anapita pale, anasema, "Mama Kanga, lile moja..." na Kanga anamjibu, "Usimalize," na Fisi anaenda zake.

Basi mafunzo ya hadithi hii ni haya. Anayefungua furushi la juu tu akasema amemaliza, ni mvivu, au ana usinga wa mtu. Asiyejua pa kuachia atapasua na visivyopasuliwa. Fungua mpaka kamba ya mwisho, kisha ondoa mkono.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeiona fupi aongeze yake, aliyeiona ndefu akalale.