Paa Lililokataa Kupanda

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kuanika vyombo vyao juu ya vichanja, palikuwa na kanisa dogo juu ya kilima.

Kanisa lenyewe lilikuwa kuta tu. Kuta nzuri za udongo, za mviringo, zimekandikwa zikalainishwa kwa viganja. Paa lilikuwa bado chini, kwenye nyasi, limeshasukwa kwa fito na kuezekwa, mfano wa kawa kubwa la kufunikia chakula. Ndiyo iliyokuwa desturi ya kilimani pale: paa hujengwa chini, kisha waumini wote hulizunguka, hushika ukingo, huimba, na kulinyanyua kwa pamoja mpaka juu ya kuta.

Mwimbishaji alikuwa Mama Pimbi. Mnamjua pimbi. Ni mdogo, hana mkia, lakini sauti yake hupasua mawe. Yeye aliuliza, "Nyumba ya nani?" Wote wakajibu, "Ya Bwana!" Akauliza, "Paa la nani?" Wakajibu, "Langu!" Na kwenye neno hilo, hop, kila mmoja anainua.

Basi wakaimba. Hop! Paa likafika magotini, likayumba, likarudi chini. Puu! Kesho yake wakarudia. Puu! Na huko mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Kuta za udongo zisizo na paa, wanangu, hazina ujanja mbele ya mvua. Huyeyuka kama sukari kwenye chai.

Lakini kilichomnyima Mama Pimbi raha hasa hakikuwa mawingu. Alikuwa Digidigi, jirani yake, mgeni katika imani, aliyetazamiwa kubatizwa Jumapili ya kwanza ndani ya nyumba mpya. Mwanzoni Digidigi alikuwa akifika kabla ya kengele. Siku hizi alifika watu wakiwa katikati ya wimbo, na hata kuimba aliimba kwa midomo tu.

"Mama Pimbi, usinikasirikie," akamwambia walipokuwa wakiosha tope miguuni. "Nadhani nitabaki nyumbani. Kama wazee wenyewe, na miili ile, wameshindwa kumwinulia Mungu paa, mimi mwenye miguu kama njiti nitaongeza nini?"

Mama Pimbi hakumhubiria. Alimwomba aje mara moja zaidi, halafu aamue mwenyewe.

Wazee aliowasema Digidigi walikuwa watatu, nguzo za kanisa kwa jina. Mzee Tembo alimpenda Mungu, ila alisema mgongo nao ni wake. Mzee Kiboko alikuja ibadani, lakini sikio moja aliliacha mtoni. Na Mzee Nyati alikuwa Mkristo wa mazishi: alihudhuria ili siku yake ikifika kwaya isije ikakataa kumwimbia. Hawakuwa waovu. Walikuwa vuguvugu, kama maji ambayo huwezi kupikia chai wala kukatia kiu.

Walipokusanyika tena, Mama Pimbi aliimbisha huku macho yake yakiwa chini, kwenye miguu ya watu. Ardhi ilikuwa laini kwa umande. Visigino vya Swala vilizama. Visigino vya Nungunungu vilizama. Hata kanga walizamisha kucha zao. Lakini Mzee Kiboko alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, magoti ameyakunja, na vidole vya miguu yake vinagusa umande tu. Mzee Tembo alikuwa ameuzungusha mkonga kwenye fito, akajining'iniza. Mzee Nyati alikuwa ameweka kidevu juu ya nyasi za paa kama mtu aliyelalia mto. Na wote watatu waliguna kuliko kanisa zima: mmh! mmh! mmh!

Puu! Paa likaanguka.

"Tumejitahidi," akasema Mzee Nyati, akijifuta jasho ambalo halikuwapo.

Mama Pimbi akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu aliyekwisha kuona sindano iliyopotea.

Asubuhi iliyofuata aliwaendea wazee mapema.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Tumewatesa. Wakubwa kama ninyi si wa kushika fito pamoja na kanga. Leo nimewawekea viti ndani ya kuta. Mtakaa, mtatazama paa likija, mtatuambia kulia au kushoto."

Wazee wakatazamana. Mzee Kiboko akasema kweli kabisa, kila kazi inahitaji msimamizi. Mzee Tembo akauliza kama kutakuwa na chai.

"Ipo, ya tangawizi, na viazi vitamu."

"Basi sisi tuko tayari kwa kazi ya Bwana," akasema Mzee Tembo.

Mchungaji Korongo alipoona viti vikiingizwa ndani alitaka kuuliza. Mama Pimbi akamwomba awaombee tu, ila leo aombe akiwa amefumbua macho.

Wazee wakaketi. Chai ikamiminwa. Nje, wadogo wakalizunguka paa, wengine wakiwa na miti yenye panda ya kusukumia, na ngedere wakiwa wamekaa juu ya ukuta tayari kulipokea. Digidigi alikuja. Alisimama kando kwanza, halafu akashika ukingo, kwa aibu, karibu na Mama Pimbi.

"Nyumba ya nani?"

"Ya Bwana!"

"Paa la nani?"

"Langu!"

Hop! Paa likapita magoti. Hop! Likapita viuno. Hop! Likafika mabegani, na Digidigi akageuka, macho yamemtoka.

"Leo ni jepesi."

"Halijapungua unyasi hata mmoja," akasema Mama Pimbi.

"Sasa limepungua nini?"

"Inua kwanza, mwanangu. Utajua."

Hop! Miti yenye panda ikasukuma, ngedere wakavuta, paa likapanda juu ya ukuta na kuteleza ndani, nyaaa, mpaka likawafunika wazee watatu pamoja na chai yao. Upande mmoja ulikuwa umekaa ukutani. Upande wa pili ulining'inia hewani, juu ya vichwa vyao.

Hapo Mama Pimbi akaacha kuimba.

Kimya. Fito zikalia, kwi, kwi. Vumbi la nyasi likaingia kwenye kikombe cha Mzee Kiboko.

"Mbona mmenyamaza huko?" akauliza Mzee Nyati.

"Wazee wangu," Mama Pimbi akaita kutoka nje, kwa upole, kama mtu anayekaribisha wageni, "mikono yetu imeishia hapa. Pale katikati hatufiki. Anayefika ni aliye ndani."

Wazee wakakimbilia mlangoni, wote kwa pamoja. Mlango ulikuwa wa kupita mmoja mmoja. Mzee Tembo akaziba juu, Mzee Kiboko akaziba chini, na Mzee Nyati akabaki nyuma yao akisukuma makalio ya wenzake. Hakuna aliyetoka. Paa likashuka kidogo. Kwiii.

"Jamani, linatuua!" akalia Mzee Kiboko.

"Nyumba ya nani?" akauliza Mama Pimbi.

"Ya Bwana," wakajibu haraka.

"Paa la nani?"

Mzee Tembo akalitazama lile paa. Nadhani ndipo alipoliona kwa mara ya kwanza. Akarudi katikati, akapanga miguu, na visigino vyake vikazama ardhini, ndii.

"Langu!" akapiga baragumu.

Hop! Mabega matatu makubwa yakasukuma, wadogo nje wakasukuma, na paa likakaa juu ya kuta, tuli, kama kofia kichwani mwa mwenyewe.

Hakikupita hata kitambo, mvua ikaanza. Po. Po. Popopopo. Kuta zikabaki kavu.

Wazee walikuwa wameketi chini wakihema, na Mzee Tembo akamnyooshea Mama Pimbi mkonga. "Wewe mama umetutega."

"Nimewatega, mzee wangu. Lakini niambie, mabega yanauma?"

"Yanauma sana."

"Na zile siku nyingine, yaliuma?"

Mvua ikapiga juu ya paa. Mzee Nyati alitazama vidole vyake. Mzee Kiboko alitazama ndani ya kikombe. Mzee Tembo akasema kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "Hayakuuma."

Hakuna aliyewacheka. Mama Pimbi akawamiminia chai nyingine, ya moto.

Digidigi alikuwa bado mlangoni, maji yanamchuruzika masikioni. Aliwatazama wazee, akaitazama mikono yake myembamba iliyochubuliwa na fito. Kisha akaingia, akapita katikati yao, akaenda kuketi mbele kabisa, palepale atakapobatizwa Jumapili.

Hadithi yangu naiweka chini hapa, wanangu, nanyi liokoteni neno hili: mkono unaoshika bila kuinua haukai bure, huongeza mzigo.