Kwa Nini Jiwe la Wanabati Lina Macho na Halina Mdomo

Msidhani waliolichonga lile jiwe walichoka njiani. Mimi nimefika kwenye hekalu lao kule jangwani, nimelizunguka na jua la saa saba, na aliyekuwa akitutembeza tulipomuuliza mdomo uko wapi, alisema hajui. Basi nitawaeleza mimi. Asiyeelewa asione haya, maana hata wenyewe hawakuelewa.

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado na la kusema, Wanabati walikuwa wachuuzi wa ubani, na mji wao waliuchonga ndani ya mwamba mwekundu. Mvua iliwajia mara mbili tatu kwa mwaka. Waliichunga kwa mifereji mpaka ndani ya birika moja kubwa, wakanywa humo wote. Na katikati ya hekalu lao lilisimama jiwe la pembe nne, lenye macho mawili, pua iliyonyooka, na mdomo. Lilisema kweli tupu. Ubaya haukuwa wa jiwe, ulikuwa wa desturi.

Desturi ilikataza kusimama mbele yake. Muulizaji alilizunguka akinong'ona swali lake, nalo lilijibu lilipotaka. Kuingia peke yako kulikuwa kujifanya mfalme, kwa hiyo waliingia thelathini kwa pamoja, wakazunguka thelathini, wakanong'ona thelathini. Jibu likitoka, lilimwangukia aliyekuwa mbele ya mdomo saa hiyo. Mzee Taimu aliuliza kama aoe mke wa tatu, akaambiwa, "Mchinje kabla hajakonda." Mwenye ngamia mgonjwa akaambiwa, "Mwoe, lakini mama yake abaki kwake." Wote wawili walirudi nyumbani kufikiri sana.

Mwaka mmoja mvua haikuja. Mtunza birika alikuwa mwanamke, Hagiru binti Shakilati. Kila asubuhi alitumbukiza ufito wake majini, na kila asubuhi ufito ulilowa pungufu kuliko jana. Kulikuwa na chemchemi mwendo wa siku nne. Wakihama mapema, maji yaliyobaki yangewatosha njiani. Wakichelewa, wangefia mchangani. Lakini Shakilati, mama yake, alikuwa hawezi hata kukaa bila kuegemezwa, na siku nne za jua zingemmaliza. Hagiru alilijua hilo. Alichotaka ni kuambiwa na mwingine, ili lisiwe lake.

Akaingia hekaluni na wenzake. Mzunguko wa kwanza jiwe likamwambia, "Ngoja." Wa pili likamwambia, "Nenda." Nyuma yake alikuwepo mchuuzi aliyeuliza kuhusu safari, na mbele yake mjamzito aliyeuliza siku yake ya kujifungua. Sasa lipi lilikuwa la nani? Akazunguka tena. Watu wa mji waliposikia, nao wakaja kuuliza lile lile, na wengine bado wanauliza habari za mbuzi. Nusu ya mji ilifunga mizigo, nusu ikafungua. Jirani alimtukana jirani kwa jibu ambalo huenda lilikuwa la mtu wa tatu.

Siku ya tatu Shakilati alimwita bintiye. "Birika limebaki na nini?"

"Shubiri mbili, mama."

"Na wewe unazunguka."

"Nangoja liniambie wazi."

"Jiwe halinywi maji, mwanangu. Wewe unataka likuambie habari yangu. Mimi niulize mwenyewe, nipo hapa."

Hagiru hakuuliza. Alichukua patasi na nyundo ya kuzibulia mifereji, akaingia hekaluni watu wakiwa wanazunguka, akasimama mbele ya jiwe palipokatazwa kusimama, akauchonga mdomo mpaka pakawa sawasawa kama ukuta. Hakuna aliyemzuia. Kila mmoja alidhani lile lilikuwa jibu la mwenzake.

"Sasa tutamuuliza nani?" alisema Mzee Taimu.

"Maji yapo ya siku nne," Hagiru akamjibu. "Tunaondoka sasa hivi."

Walimpakia Shakilati juu ya ngamia, wakamfunga kwa kamba asianguke. Alikufa siku ya pili, wakamzika kando ya njia. Wengine wote walifika kwenye chemchemi, wakanywa. Mvua iliporudi nao wakarudi, watu walimuuliza Hagiru kama jiwe lilikuwa limemwambia "Ngoja" au "Nenda." Akasema mpaka leo hajui, na ufito wake akautumbukiza birikani.

Basi kuanzia mwaka ule, fundi wa Wanabati akichonga jiwe la hekalu huweka macho mawili na pua, kisha hukusanya vyombo vyake akaenda zake. Watu waliendelea kulizunguka, lakini kimya, halafu walitoka kwenda kuamua wenyewe. Na waliokosea, walikosea wao.