Amri ya Rais na Watu wa Tanurini

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya watu kupiga kura, palikuwa na nchi iitwayo Sondea. Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Watu wa Sondea walikuwa na mfalme, wakamchoka. Asubuhi alitunga sheria, mchana alikamata watu, jioni aliwahukumu, yote yeye. Walipomfukuza wakasema: hatutaki tena mtu mmoja ashike kila kitu. Wakatazama huku na huku, wakaupenda mpango wa Wamarekani, wakauiga. Bunge litunge sheria. Rais aitekeleze. Mahakama iamue ugomvi, na Rais akivuka mpaka wa sheria, imwambie umevuka.

Rais wakampa jeshi, polisi na magereza. Wakampa na uwezo wa kumsamehe mfungwa. Mahakama hawakuipa jeshi. Waliipa neno tu. Jaji atateuliwa na Rais, Bunge litamkubali, lakini akishaapa, Rais hawezi kumfukuza wala kumpunguzia mshahara. Wakaridhika, wakarudi kulima.

Ukafika mwaka mvua ikakatika. Mahindi yakaadimika, watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu, na macho yao yakaangukia Tanurini.

Tanurini ulikuwa mji wa wachoma matofali, karibu na Mto Sangwe. Babu zao walivuka mto huo wakikimbia vita. Wao wenyewe walizaliwa Sondea, walisoma Sondea, na nyumba nyingi za mji mkuu zilijengwa kwa matofali yao. Lakini njaa haiulizi historia. Watu wakapiga kelele: "Hao wageni wanakula chakula chetu! Warudi kwao!"

Rais wa wakati huo aliitwa Mgunda. Alipendwa, na alipenda kupendwa. Alijua Bunge lingejadili jambo hilo mpaka watu wasahau. Hakulingoja. Akatia saini amri: watu wote wa Tanurini wapakiwe kwenye mabasi, warudishwe ng'ambo ya mto.

Aliyetumwa ni Inspekta Chengo, polisi mwenye sifa ya kutorudi kutoka kazini mikono mitupu. Akafika Tanurini na askari wake. Mtu wa kwanza aliyemkuta ni Bi Siwatu, mwanamke mwenye tanuri lake mwenyewe, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni.

"Mama, panda basi," akasema Chengo.

"Mnanipeleka wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu ni hapa. Hata moto wangu haujazima. Nionyeshe sheria."

"Hii hapa amri ya Rais."

"Nimekuuliza sheria, afande. Sheria inatungwa na Bunge. Bunge limekaa lini?"

Chengo akageuka. Akawapa askari ishara. Wakamshika shangazi yake Siwatu, Bi Mashavu, kizee mwenye miguu iliyovimba, wakamwinua kama gunia wakamtupia ndani ya basi. Siwatu akaokota tofali, akalivurumisha. Likampata Chengo begani, mfupa ukavunjika.

Basi la kwanza likaondoka na Bi Mashavu na majirani zake. Mengine yakakwama, mafuta yalikuwa yameisha, serikali ikaagiza mafuta mengine. Siwatu hakuvuka mto. Alipelekwa mji mkuu, mahabusu.

Hakimu akamuuliza, "Ulirusha tofali?"

"Nililirusha. La kwangu nimelijibu. Na Rais naye aje ajibu la kwake."

Hakimu akamfunga. Lakini maneno yale yalitoka nje ya chumba kile, yakafika magazetini, mawakili wakajitokeza. Siwatu akamshtaki Rais. Kwa wiki chache tu mashtaka yakapanda, pamoja na rufaa yake ya tofali, mpaka Mahakama ya Juu.

Kabla kesi haijasikilizwa, habari ikaja kutoka ng'ambo. Bi Mashavu amefariki, chini ya turubai, mahali pasipo maji wala mtu anayemjua. Siwatu aliipokea habari hiyo akiwa amesimama. Hakukaa mpaka kesho yake.

Sasa, Jaji Mkuu aliitwa Mbelwa. Alisoma darasa moja na Rais Mgunda, na ni Mgunda aliyemteua. Rais akampigia simu.

"Mbelwa, ndugu yangu, nani alikuweka kwenye kiti hicho?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Basi?"

"Basi uliniweka nikae. Hukuniweka nikuinamie." Akakata simu.

Siku ya kesi, wakili wa serikali alisema nchi ina njaa, na wakati wa njaa Rais lazima awe na mkono mrefu. Siwatu akaambiwa aseme. Akasema, "Mkono mrefu umeshafika kwetu. Umemchukua shangazi yangu. Ninauliza tu, nani aliurefusha?"

Majaji wakagawanyika nusu kwa nusu. Ikabaki kura ya Mbelwa.

Mbelwa akasoma: "Hakuna sheria inayompa Rais uwezo wa kuhamisha raia. Amri hii ni batili. Waliovushwa warudishwe." Watu wakalipuka kwa shangwe. Akangoja wanyamaze. "Lakini Bi Siwatu ulirusha tofali, ukavunja mfupa wa mtu. Kifungo chako nakiacha kama kilivyo."

"Ningelirusha tena," akasema Siwatu.

"Nimekusikia," akasema Jaji. "Mpelekeni."

Rais Mgunda alipoletewa hukumu aliisoma akacheka. "Karatasi nzuri. Hebu tuone itasimamishaje basi." Mafuta yalikuwa yamefika. Akaagiza kazi iendelee.

Inspekta Chengo akarudi Tanurini, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Watu walikuwa wamefunga milango. Mabasi yakawashwa. Chengo akatembea polepole mpaka mbele ya basi la kwanza, akasimama katikati ya barabara.

"Zimeni injini," akasema.

Madereva wakatazamana. Simu ikalia, ni Rais mwenyewe.

"Chengo! Unanitii mimi au unamtii Mbelwa?"

"Mheshimiwa, siku naapa sikutaja jina lako, wala lake. Nilitaja katiba. Mahakama imesema amri hii ni batili."

"Umefukuzwa kazi."

"Sawa, nimefukuzwa. Mabasi hayaendi."

Akavua kofia, akaiweka juu ya boneti la basi, akabaki pale pale amesimama. Madereva wakazima.

Hapo Rais Mgunda akabaki na jeshi. Watu wake walikuwa wamejaa nje ya Ikulu, wanaimba, "Jeshi! Jeshi!" Jenerali alikuwa amesimama pembeni yake, anangoja neno moja tu. Mgunda akatoka nje kwenye baraza. Akainua mkono, nyimbo zikakatika.

Akasema, "Bado naamini nilikuwa sahihi. Majaji wale wamekosea, na nitalisema hilo mpaka kufa. Lakini wameamua. Waliovushwa watarudishwa. Na atakayemgusa mtu wa Tanurini, nitamkamata mimi."

Waliokuwa wakimshangilia wakamrushia viatu. Uchaguzi ulipokuja, akaanguka.

Kabla hajatoka Ikulu alitia saini jambo moja la mwisho, msamaha wa Siwatu. Mkuu wa gereza akaenda kumfungulia.

"Bi Siwatu, Rais amekusamehe. Mlango uko wazi."

"Ufunge, baridi inaingia."

"Hukunielewa. Uko huru."

"Nimekuelewa. Huyo ndiye aliyemtoa shangazi yangu nyumbani kwake, leo anisamehe mimi? Mrudishie msamaha wake. Jaji amenifunga, kifungo changu nitakimaliza kwa miguu yangu."

Akakimaliza. Alipotoka, aliwakuta watu wa Tanurini, na waliorudishwa kutoka ng'ambo, wamechoma matofali mapya, wamejenga ukumbi wa mikutano. Juu ya mlango waliacha jiwe tupu. Walitaka waandike jina la mtu aliyewaokoa. Jina moja, si zaidi, maana walisema shukrani ikigawanywa sana haibaki kitu.

Wakawaita wote wanne: Siwatu, Jaji, Inspekta, na Rais aliyeanguka. Na wote wanne wakaja.

Siwatu akasema, "Andikeni langu. Mahakama haizunguki mitaani kutafuta kesi. Inangoja aliyeumizwa aende. Nisingekataa, Jaji angeamua nini? Inspekta angesimama mbele ya basi gani? Mngekuwa nyote ng'ambo, chini ya turubai."

Jaji Mbelwa akasema, "Andikeni langu. Siwatu alikataa, ndiyo. Lakini kukataa kwake kuliitwa uasi mpaka mimi niliposema ni haki. Nilimgeuka rafiki aliyeniteua, na hajanisalimia mpaka leo. Na sikumpendelea hata Siwatu. Neno langu lingepinda upande mmoja, nani angelitii upande mwingine?"

Inspekta Chengo akasema, "Andikeni langu. Neno la Jaji lilikuwa pumzi tu, mpaka mimi niliposimama barabarani. Nilisimama kwa ajili ya watu wa mwanamke aliyenivunja mfupa. Kazi niliyoipenda nimeipoteza."

"Na basi la kwanza?" akauliza Siwatu.

"Hukumu ilikuwa haijatoka."

"Macho ulikuwa nayo."

Chengo akainamisha kichwa, lakini hakuondoka.

Mwisho akasimama Mgunda. Watu wakamzomea. Akawangoja wachoke.

"Andikeni langu. Ndiyo, langu. Siwatu alikuwa na tofali, Mbelwa alikuwa na kalamu, Chengo alikuwa na mwili wake. Mimi nilikuwa na jeshi. Kwa neno langu moja, huyu angekuwa amekufa, huyu amefungwa, na huyu amepigwa risasi. Nililimeza. Asiye na nguvu akitii, ametii nini? Mimi niliweza kukataa, na nikatii. Nikapoteza nchi."

Siwatu akamjia karibu kabisa. "Unataka tukushukuru kwa sababu uliacha kutuua?"

"Ndiyo," akasema Mgunda, bila kukwepa macho yake. "Wengi hawaachi."

Ukumbi ukachafuka. Huku wanamtaja Siwatu, huku wanasema bila Mbelwa hakuna kitu. Vijana waliokuwa wapakiwe mabasini wanapiga meza kwa ajili ya Chengo. Na nyuma kabisa kikongwe mmoja, aliyevushwa pamoja na Bi Mashavu kisha akarudishwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda ni yule Rais, na watu wakamgeukia kwa hasira.

Fundi yuko juu ya ngazi, patasi mkononi, jiwe liko tupu mbele yake, anapiga kelele kuuliza aanze na herufi gani.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, semeni, na yule asiyekubaliana na mwenzake asimame aseme mbele yake. Aliyekataa, aliyeamua, aliyesimama barabarani, na aliyekuwa na jeshi akalizuia: je, nani alistahili?