Unyoya Mmoja Mweupe Kortini

Hadithi ije?
— Ije mbio!
Ije na nini?
— Ije na roho mkononi!

Hapo kale, jamani, hapo kale msituni aliishi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa kwenda mbio halafu kusimama ghafla. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, bado ananyonya. Siku moja yuko mlangoni anamnyonyesha, akasikia pu! Pande la nyama limeanguka kutoka mtini. Nyama ya Chui! Sange akatazama kulia, akatazama kushoto, akaivuta ndani, buru, buru, buru. Yeye nyama hali, lakini penye nyama sisimizi watakuja, na sisimizi ndio chakula chake.

Kesho yake, korti! Mzee Tembo kakaa mbele, wanyama wote wamejaa. Na sheria ya msitu ule ilikuwa hii: mwizi humtoa mwanawe kwa aliyeibiwa, akamlee. Akamlee! Chui alishapewa watoto watatu wa kulea, na hakuna aliyewaona tena.

Chui akasimama. "Waheshimiwa, nyama yangu imeibwa juu ya mti, na chini yake nimeokota unyoya mweupe wa mkia. Nimepiga hesabu. Katika wanyama mia, mwenye ncha nyeupe mkiani ni mmoja tu. Sange anayo! Basi katika mia, tisini na tisa mwizi ni yeye!"

"Haaa!" wanyama wakashika vichwa. "Mia kasoro moja!"

Tunu akaachia ziwa: "Mama, ile nyama ya—" Sange akamrudishia ziwa mdomoni, nyamu!

"Mtoto anasema nini?" Chui akauliza, anajilamba.

"Ana njaa, bwana mkubwa."

"Asijali. Kwangu hakuna njaa."

Roho ikamruka Sange. Akili nayo ikaruka, ila ilirudi na swali.

"Mzee Tembo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Juzi tulipohesabiwa kwa zamu za kisima, tulikuwa wangapi?"

"Mia saba."

"Na katika kila mia yumo mmoja. Basi wenye ncha nyeupe ni saba, baba, si mimi peke yangu! Waite!"

Wakaitwa. Akaja mmoja, akaja wa pili, akaja wa tatu. Pamoja na Sange wakafika sita. Tembo akahesabu, akahesabu tena. Wa saba yuko wapi?

"Mtazameni Chui," Sange akasema.

"Mimi? We kijidudu, una wazimu!"

Nyati wawili wakaukamata mkia, wakaupindua. Lo! Chini ya ncha, mweupe pee! Chui akashtuka kuliko wote, maana upande ule hata yeye hakuwahi kuuona.

"Sasa tumetimia saba," Sange akasema harakaharaka, asije akakatizwa. "Na nyama ilikuwa juu. Katika saba hawa, nani anapanda miti?"

Ngiri hapandi. Kicheche hapandi. Sange hapandi. Wakatazamana.

"Chuuui!" msitu mzima ukaitika.

"Lakini nyama ni yangu!"

"Anajiibia mwenyewe!" akapayuka Ngiri. "Jamani, huyu atatuachia nini sisi?"

Tembo akajikuna sikio. "Sheria ni sheria. Mwizi ni Chui, aliyeibiwa ni Chui. Mtoto hana. Basi Chui, jichukue mwenyewe, ukajilee mbali na hapa."

Chui akaondoka, kaufyata mkia, midomo inahesabu: saba, mia, saba, mia. Sange hakungoja kupongezwa. Alikimbia na Tunu kifuani, akaingia ndani, akaziba mlango.

Mmeona, wanangu? Mnyonge akisema ukweli wote, bila kuficha hata kipande, korti itamwokoa. Na hesabu haimwonei asiye na kosa. Muulizeni Chui.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aje aniambie nimedanganya wapi.